Mkono wa babu ukianza kutetemeka, usikimbilie kusema karogwa

Wanasayansi wanatafuta alama za ugonjwa wa Parkinson kwenye damu, ngozi na maji ya uti wa mgongo, miaka mingi kabla mkono haujaanza kutetemeka. Wewe kijana wa Kaloleni, habari hizo zinakuhusu nini?

Kama unatoka Kaloleni, Jibana, Rabai au Mariakani, nina swali moja kwako kabla hatujaenda mbali. Nyumbani kwenu, mzee akianza kutetemeka mkono, watu husema nini?

Majibu tunayajua. La kwanza ni mnazi: "Huyo bado hajapata cha asubuhi." La pili ni umri: "Ni uzee tu, mwacheni." La tatu husemwa kwa sauti ya chini, jikoni, wageni wakishaondoka: amerogwa, au ana pepo. La nne ndilo baya kuliko yote: kwamba mzee mwenyewe ndiye mchawi, na aliyowafanyia wenzake sasa yanamrudia.

Jibu la tano ni nadra kulisikia. Kwamba sehemu fulani ya ubongo wake inaugua, kwamba ugonjwa huo unaitwa Parkinson, na kwamba kuna dawa inayoweza kumrudishia uwezo wa kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe.

Makala hii ni ya jibu la tano. Na usidhani ni habari ya wazee peke yao. Kuna shirika la wagonjwa hapa Kenya linaloitwa Parkinson's Si Buda. Kama sheng unaipata, jina limejieleza: ugonjwa huu si wa mabuda tu. Mwigizaji Michael J. Fox wa Marekani aliambiwa anao mwaka 1991, akiwa na miaka 29. Muhammad Ali, yule aliyempiga George Foreman pale Kinshasa mwaka 1974, aliambiwa mwaka 1984 akiwa na miaka 42. Wengi huupata baada ya miaka 60, ndiyo, lakini wapo wanaoanza mapema kabisa.

Kwanza, unafanya nini mwilini?

Ndani ya ubongo, chini kidogo ya katikati, kuna seli zinazotengeneza kemikali inayoitwa dopamini. Kemikali hiyo ndiyo inayofanya mwendo uwe laini. Unaponyoosha mkono kuchukua kikombe cha chai, hufikirii. Mkono unaenda wenyewe. Kwa mtu mwenye Parkinson, seli hizo zinakufa kidogo kidogo, na dopamini inapungua.

Matokeo yake si kutetemeka peke yake. Kuna wagonjwa ambao hawatetemeki hata siku moja. Dalili kuu hasa ni mwili kuwa mzito na mwendo kuwa wa polepole. Mkono mmoja hauyumbi mtu anapotembea. Hatua zinakuwa fupi, za kuburuta. Mwandiko unakuwa mdogo. Sauti inafifia. Uso unakuwa kama umekasirika hata kama mtu amefurahi, kwa sababu misuli ya uso nayo imekakamaa.

Chukulia babu yako ni mgema. Miaka 40 amekuwa akipanda minazi asubuhi na jioni. Siku moja anaona mkono wa kulia haushiki shina kama zamani. Anajiambia ni uchovu. Baada ya miezi kadhaa anaacha kupanda minazi mirefu, kisha anaacha kabisa. Watoto wanasema babu amekuwa mvivu. Hakuna anayesema ni ugonjwa, maana hajalala kitandani na hana homa.

Sasa sikiliza jambo linalowakera watafiti. Wanakadiria kwamba siku ambayo daktari anaweza kuuona ugonjwa huu kwa macho, nusu au zaidi ya zile seli za dopamini zimeshaharibika. Yaani tunagundua moto wakati nyumba imeshaungua nusu. Ndiyo maana dunia nzima inatafuta kile ambacho wataalamu wanakiita viashiria vya kibayolojia: kitu kinachopimika mwilini, kama vile sukari inavyopimwa kwenye damu, kikakuambia ugonjwa upo kabla haujajionyesha.

Dalili zinazotangulia

Cha kushangaza ni kwamba mwili huwa unatoa habari mapema, ila hakuna anayezisoma.

Ya kwanza ni pua. Watu wengi wenye Parkinson hupoteza uwezo wa kunusa miaka mingi kabla ya dalili nyingine. Ya pili ni tumbo: kufunga choo kwa muda mrefu. Ya tatu ni usingizi. Kwa kawaida mtu anapoota, mwili huzima misuli ili asiiigize ndoto. Kuna watu ambao kizuizi hicho hakifanyi kazi. Usiku wanapiga kelele, wanarusha ngumi na mateke, wanaanguka kitandani. Mwaka 2019 watafiti kutoka vituo 24 vya nchi mbalimbali walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 1,280 wenye tatizo hilo la usingizi. Walikadiria kwamba baada ya miaka 12, karibu watu 73 kati ya 100 wangekuwa wamepata Parkinson au ugonjwa wa jamii yake.

Sasa irudishe habari hiyo nyumbani. Mzee anayepiga mayowe usiku na kupigana na watu wasioonekana, kule kwetu anaitwa nini? Unajua jibu. Atasomewa, atafukiziwa, atapelekwa kwa mganga. Hakuna atakayemuuliza kama bado anasikia harufu ya samaki wa kukaanga.

Lakini tuelewane. Kufunga choo si Parkinson. Kutonusa kunaweza kuwa mafua, au korona iliyopita. Mikono yote miwili kutetemeka unapobeba kikombe huwa mara nyingi ni tatizo jingine kabisa, jepesi zaidi, ambalo hurithiwa katika familia. Dalili moja peke yake haisemi kitu. Zikijipanga pamoja ndipo daktari anaanza kukuna kichwa.

Kijiko cha maziwa lala

Kipimo kilichotikisa zaidi uwanja huu kinahusu protini moja inayoitwa alfa-sinukleini. Sote tunayo ubongoni. Kwa wenye Parkinson, protini hiyo inajikunja vibaya, inagandamana na kuwa mabonge ndani ya seli. Mabonge yenyewe yalionekana kwenye hadubini mwaka 1912 na daktari Mjerumani, Friedrich Lewy. Kujua kwamba yametengenezwa na alfa-sinukleini kulichukua miaka mingine 85, mpaka 1997.

Shida ni kwamba protini iliyojikunja huwa chache mno kupimika. Hapo ndipo ujanja ulipoingia. Unajua maziwa lala yanavyotengenezwa? Unachukua kijiko kimoja cha maziwa yaliyokwisha kuganda, unatia kwenye sufuria ya maziwa mazima, na kesho yake sufuria yote imeganda. Wanasayansi walifanya vivyo hivyo. Wanachukua matone ya maji ya uti wa mgongo ya mtu, wanayatia kwenye chombo chenye alfa-sinukleini nzima. Kama ndani ya matone yale kuna protini iliyojikunja, hata kidogo, itaifundisha ile nzima kujikunja pia. Mabonge yanaongezeka mpaka mashine inayaona. Kama haimo, hakuna kinachoganda.

Mwaka 2023 jarida la Lancet Neurology lilichapisha matokeo ya kipimo hicho kwa washiriki 1,123 wa utafiti mkubwa unaofadhiliwa na taasisi ya Michael J. Fox. Kati ya kila wagonjwa 100 wa Parkinson, kipimo kiliwatambua karibu 88. Kwa wale wagonjwa wa kawaida waliokuwa pia wamepoteza kunusa, kiliwatambua karibu 99. Na kuna baadhi ya watu ambao hawakuwa na dalili yoyote ya mwendo, ila pua au usingizi wao ulikuwa na kasoro, nao kipimo kikawashika. Hilo ndilo lililowafanya watafiti warukeruke kwa furaha.

Kwa upande mwingine, kwa wagonjwa wenye mabadiliko fulani ya jeni na ambao pua zao bado zilikuwa nzima, kipimo kiliwaona karibu 35 tu kati ya 100. Maana yake ni kwamba Parkinson huenda si ugonjwa mmoja. Huenda ni magonjwa kadhaa yaliyovaa kanzu moja.

Ngozi, damu na pua ya mama mmoja wa Scotland

Maji ya uti wa mgongo hutolewa kwa sindano mgongoni. Jaribu kumwambia nyanya yako hivyo uone. Kwa hiyo watafiti wakatafuta njia nyepesi.

Moja ni ngozi. Mwaka 2024 jarida la JAMA lilitoa utafiti wa watu 428 huko Marekani. Walitolewa vipande vitatu vya ngozi, kila kimoja cha milimita 3, shingoni, pajani na chini ya mguu. Alfa-sinukleini iliyoharibika ilionekana kwa karibu watu 93 kati ya 100 wenye Parkinson. Kwa watu wazima wa afya ilionekana kwa takriban 3 kati ya 100.

Nyingine ni damu. Seli ya neva inapovunjika, vipande vya nyuzi zake huingia kwenye damu, na sasa vinapimika. Kipimo hiki hakisemi "hii ni Parkinson". Kinasaidia jambo lingine muhimu: kutofautisha. Kuna magonjwa yanayofanana sana na Parkinson mwanzoni lakini yana kasi zaidi na hayasikii dawa vizuri. Moja humfanya mtu aanguke kinyumenyume na kushindwa kutazama chini. Jingine huvuruga presha na mkojo. Kwa hayo, vipande vile kwenye damu hupanda juu kuliko kwa Parkinson ya kawaida. Madaktari wenyewe, hata wa hospitali kubwa, huyachanganya magonjwa haya miaka ya mwanzo.

Halafu kuna harufu. Joy Milne, muuguzi mstaafu wa Scotland, aliona mumewe amebadilika harufu miaka mingi kabla hajaambiwa ana Parkinson. Baadaye alipoingia kwenye chumba cha wagonjwa wengine akakutana na harufu ileile. Watafiti wakampa fulana 12 anuse, 6 za wagonjwa na 6 za watu wazima wa afya. Za wagonjwa akazipata zote 6, ila akasisitiza kwamba kuna ya saba, ya mtu aliyedhaniwa mzima. Miezi kadhaa baadaye mtu huyo akagunduliwa na Parkinson. Tangu hapo Chuo Kikuu cha Manchester kinachunguza mafuta ya ngozi ya mgongoni, kikitafuta kemikali zilizokuwa zikinuswa na mama huyo, ili siku moja kipimo kiwe ni kupangusa kwa pamba tu.

Sawa, lakini sisi tuko wapi?

Hapa ndipo stori inapotuhusu. Karibu kila namba uliyosoma hapo juu imetoka kwa watu wa Ulaya na Marekani Kaskazini, na wengi wao ni wazungu. Je, vipimo hivyo vitafanya kazi vilevile kwa Mgiriama, Mchonyi au Mrabai?

Si swali la siasa. Mwaka 2023, kundi la watafiti likiwemo la Profesa Njideka Okubadejo wa Chuo Kikuu cha Lagos lilichunguza jeni za watu wenye asili ya Afrika, wengi wao wa Nigeria na Marekani. Wakakuta badiliko katika jeni iitwayo GBA1 ambalo halikuonekana kwa Wazungu. Ukibeba nakala moja, hatari ya Parkinson huongezeka kama mara moja na nusu. Ukibeba mbili, huongezeka kama mara tatu na nusu. Miaka yote jeni hiyo ilikuwa ikichunguzwa Ulaya, na badiliko letu halikuonekana kwa sababu sisi hatukuwa tumepimwa.

Chukua mfano mwepesi zaidi, wa pua. Kipimo cha harufu kinachotumika sana duniani kilitengenezwa Marekani, kina harufu 40 za kukwaruza na kunusa. Miongoni mwake mna soda ya mizizi, matango ya siki na mkate mtamu wa maboga wa Kimarekani. Mpe mzee wa Kaloleni hiyo kadi. Akishindwa kutaja, utasema pua yake inaugua? Mpe karafuu, iliki, asumini, papa mkavu, mnazi uliolala siku mbili. Hapo utakuwa umempima pua, si safari zake.

Na kabla ya vipimo vya kisasa, hata kugundua kwa kawaida bado ni mtihani. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo la watu 161,071. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2008, yalionyesha wagonjwa 33 wa Parkinson. Zaidi ya robo tatu yao hawakuwahi kuambiwa na yeyote kwamba wana ugonjwa huo. Walikuwa wakiishi nao tu, bila jina wala dawa. Hai si Kaloleni, lakini ukitazama umbali wa hospitali na uchache wa madaktari wa neva, ambao wengi wako mijini, utaona ni ndugu wa karibu.

Jina linaweza kuokoa shingo

Sasa tuongee lile zito. Kilifi imekuwa ikitajwa kwenye habari kwa miaka mingi kwa sababu ya wazee kuuawa wakiitwa wachawi. Mvi, macho mekundu, kuongea peke yako: yote yamewahi kutumika kama ushahidi. Wakuu wa usalama na watetezi wa haki wamesema mara kwa mara kwamba nyuma ya tuhuma nyingi kuna shamba linalogombaniwa. Kule Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliokimbia nyumba zao, wengine wakikimbia watoto wao wa kuzaa.

Sasa muweke hapo mzee mwenye Parkinson. Uso hautabasamu. Anatembea kama kivuli. Usiku anapiga mayowe. Haongei vizuri, anaonekana kama ananuna au kunong'ona maneno yake. Wagonjwa wengine huona vitu visivyokuwepo, ama kwa ugonjwa ama kwa dawa. Kila dalili inaweza kugeuzwa kuwa kesi. Na wanaosambaza tuhuma siku hizi, tuseme ukweli, mara nyingi si wazee wenzake. Ni vijana, na uvumi unapita kwenye simu.

Kwa hiyo mtu akikuuliza faida ya kugundua mapema ni ipi ilhali ugonjwa hauna tiba ya kuuondoa, mwambie hivi. Huko Ulaya, faida ni kuwapata watu wa kujaribia dawa mpya kabla seli hazijaisha, maana mpaka sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kuuzuia usiendelee. Huku kwetu kuna faida ya ziada: mzee anapata jina la ugonjwa kabla hajapewa jina la uchawi.

Upupu na vidonge

Dawa kuu inaitwa levodopa. Mwilini inageuka kuwa dopamini. Imetumika tangu miaka ya 1960, na Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu. Haiponyi, lakini kwa wengi inafungua mwili. Shida ni kuipata kila mwezi bila kukatika, na bei yake kwa mtu anayeishi kwa nazi na vibarua.

Kuna jambo utalipenda. Levodopa imo kiasili kwenye mbegu za upupu. Ndiyo, upupu uleule uliokuwasha shuleni. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 18 nchini Bolivia uliolinganisha unga wa mbegu zake zilizokaangwa na dawa ya hospitali, na unga huo ulifanya kazi vizuri kwa majaribio ya dozi moja moja. Lakini usikimbie porini. Kiasi cha levodopa hutofautiana mbegu kwa mbegu, dozi ikizidi huleta kutapika, presha kushuka na mwili kujinyonganyonga, na kuchanganya na vidonge ni hatari. Huo ni utafiti, si maagizo ya kuchemsha chai.

Tena wapo wanaotetemeka na kukakamaa kwa sababu ya dawa walizopewa, kama baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na hata za kuzuia kutapika. Mara nyingi hali hiyo hupungua dawa ikibadilishwa na daktari. Na kwa wale wenzetu wanaocheza na unga: mwaka 1982 huko California vijana kadhaa walijidunga heroini bandia iliyotengenezwa vibaya. Wakaamka wamekakamaa kama sanamu, wakiwa na kila dalili ya Parkinson. Sumu iliyokuwemo iliua zilezile seli za dopamini, kwa siku chache. Walikuwa vijana, si mabuda.

Damu yetu, maswali yetu

Kilifi si mgeni wa utafiti. Mpango wa KEMRI na Wellcome umekuwepo mjini Kilifi tangu 1989. Chuo Kikuu cha Aga Khan nacho kimekuwa na mpango wa kufuatilia afya za watu hapahapa Kaloleni na Rabai. Kwa kifafa, watafiti wa Kilifi walishaonyesha njia: wahoji walikwenda boma kwa boma, wakiuliza maswali kwa lugha za nyumbani, na waliodhaniwa wana pepo wakapata uchunguzi na dawa. Mashine ya kupima alfa-sinukleini inaweza kuchelewa kufika, lakini maswali kumi mazuri kwa Kigiriama hayahitaji umeme.

Wakati huohuo, una haki ya kuuliza. Uvumi kuhusu "wale wanaochukua damu" ni wa zamani Kilifi, na haukuanza hivihivi. Mtu akija kumchukulia bibi yako damu au ngozi, muulize: ya nini, itapelekwa wapi, itahifadhiwa miaka mingapi, na je, mkipata jibu baya mtatuambia? Na bibi mwenyewe ndiye mwenye kukubali au kukataa. Kujua leo kwamba utaugua baada ya miaka 10, bila dawa ya kuzuia, si zawadi kwa kila mtu. Wapo wanaotaka kujua wapange maisha. Wapo wanaotaka kulala usingizi wao. Wote wana akili.

Wewe ufanye nini?

Mosi, angalia. Mkono mmoja hauyumbi? Hatua zimekuwa fupi? Vifungo vinamshinda? Sauti imeshuka? Kisha muulize kwa heshima kuhusu pua, choo na usingizi. Andika lini kila kimoja kilianza.

Pili, piga video fupi akitembea na akiinuka kitini, kwa ruhusa yake. Daktari ataipenda kuliko maelezo yako marefu. Video hiyo isiende kwenye kundi la familia, wala TikTok.

Tatu, anzia kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya St Luke's pale Kaloleni, na omba barua ya kwenda kwa daktari wa neva. Beba dawa zote anazotumia, pamoja na za kienyeji. Usifiche za mganga. Daktari anahitaji kuzijua.

Nne, akianzishiwa dawa, ziheshimu saa. Levodopa ikikatishwa ghafla inaweza kumletea hatari kubwa. Na mtembeze. Mazoezi yanasaidia mwendo na mizani, na kutembea mpaka kisimani na kurudi ni bure.

Tano, na hili halina gharama. Siku utakaposikia mtu barazani anasema mzee fulani anatetemeka kwa uchawi wake, usinyamaze ukajifanya unatazama simu. Sema: "Huo unaweza kuwa ugonjwa. Unaitwa Parkinson. Tumpeleke hospitali." Hata kama watacheka, wameshalisikia jina, na safari ijayo litakuwa mdomoni mwa mtu mwingine.